Kila saa nne

Chupa yenyewe ilikuwa ya maji ya kunywa, ya nusu lita, imebanduliwa karatasi yake ya dukani na kubandikwa kipande cha plasta. Juu ya plasta mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu: Mofini, ml 5, kila saa 4. Kaka yangu ndiye aliyekuja nayo kutoka hospitali. Alinipa kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi amana, akasema, "Wamesema ufuate hapo palipoandikwa."

Nilifuata. Saa nne asubuhi nilimpa baba kijiko kimoja cha chai, na saa nne usiku nikampa kingine. Siku kumi na moja.

Mimi ni mwalimu. Nafundisha Kiswahili darasa la sita, Tanga mjini, na wakati ule nilikuwa nimeomba ruhusa shuleni nikarudi nyumbani Muheza kumuuguza baba. Maneno matatu niliyasoma vibaya, na aliyelipa ni yeye. "Kila saa nne" nililielewa kwamba kila ifikapo saa nne. Aliyeandika alikusudia kila baada ya saa nne kupita. Tofauti ya hapo ni usiku na mchana.

Na niseme kweli yote. Niliyasoma hivyo kwa sababu moyo wangu ulitaka yawe hivyo. Niliiogopa ile chupa, maana mofini ni dawa kali ya maumivu. Kama plasta ingesema mara moja kwa wiki ningeshukuru zaidi.

Baba alikuwa karani wa mizani kwenye shamba la mkonge, miaka ishirini na nane. Robota la mkonge ni kilo 250, na yeye alikuwa anaweza kulitazama tu akakwambia limepungua kilo tatu. Alipostaafu akapanda michungwa nyuma ya nyumba, akaitunza kama wajukuu. Mgongo ulianza kumuuma 2020. Tukasema uzee, tukasema magunia ya machungwa aliyokuwa akiinua mwenyewe. Mama akamchua kwa mafuta ya nazi yaliyopikwa na karafuu. Hospitali moja, ambayo sitaitaja, ilimpa diklofenaki na panado mara nne kwa mwaka mmoja bila mtu kumuuliza hata siku moja mkojo wake unatokaje. Mwishoni mwa 2021 mguu wa kushoto ukaanza kufa ganzi, kaka akamchukua Dar es Salaam. Ikaonekana ni saratani ya tezi dume, nayo ilikwisha kuingia kwenye mifupa ya uti wa mgongo na nyonga. Pale Taasisi ya Saratani Ocean Road alipigwa mionzi, na mionzi ilimsaidia. Kwa majuma kadhaa alitembea mpaka kwenye michungwa yake na kurudi. Sikuwa najua kabla ya hapo kwamba mionzi hutolewa hata pale ambapo haitaponyesha, ili mfupa uache kuuma tu.

Kisha maumivu yakarudi, na safari hii yalirudi na wenzake.

Baba hakupiga kelele. Alihesabu. Ukipita nje ya dirisha usiku unamsikia: mia mbili arobaini na nane, mia mbili hamsini, mia mbili arobaini na saba. Alikuwa anapima marobota. Mama alilala kwenye mkeka chini ya kitanda chake, na akiona hesabu zimeharakishwa anajua limefika. Shuka halikubadilishwa kwa siku tatu, manake kumgeuza kulikuwa kumvunja. Na dawa iko ndani ya nyumba ileile, kwenye kabati, nyuma ya vyombo vya Idi, nimeifunga kwa ufunguo na ufunguo nimeutundika shingoni.

Niliogopa nini? Tanga tunaujua unga. Binamu yangu, mtoto wa mama mkubwa, tulikuwa naye darasa moja. Tulimpoteza kwenye vijiwe vya mateja miaka mingi kabla hajafa. Nilipoambiwa kwamba mofini na heroini zinatoka kwenye mmea mmoja, nilimwona baba yangu, mtu asiyewahi kuvuta hata sigara, anatetemeka akidai. Na shangazi alikuwa amekwisha kuamua. Aliposikia jina la dawa alivuta kanga begani akasema, "Hiyo ni ya kukatia roho. Mume wa jirani alipewa Alhamisi, Jumamosi tukazika." Ilikuwa kweli kwamba yule mzee alipewa Alhamisi akazikwa Jumamosi. Alipewa siku mbili kabla ya kufa kwa sababu hakuna aliyempa miezi sita kabla. Dawa inayofika siku zote ikiwa imechelewa itaonekana siku zote kuwa ndiyo iliyoua. Haya nayaona sasa. Siku ile nilitikisa kichwa, nikakubaliana na shangazi.

Kulikuwa na hofu ya tatu, ambayo mama hakuisema kwa sauti mpaka siku moja jikoni: je, atatamka shahada? Mtu akiwa amelewa dawa, roho inatoka na ulimi umelala, atakutana vipi na Mola wake?

Siku ya kumi na mbili muuguzi alikuja. Ni wa huduma shufaa, ile ya kumpunguzia maumivu na mateso mgonjwa wa ugonjwa mzito, alikuja na pikipiki, begi mgongoni, viatu vimejaa vumbi jekundu. Shufaa kwetu ni neno kubwa, ni uombezi tunaoutarajia kwa Mtume siku ya Kiyama, kwa hiyo alipojitambulisha mama alimtazama usoni kwa muda kidogo kabla ya kumkaribisha. Hakuanza na chupa. Alimwamkia baba, "Shikamoo mzee," akavuta kigoda, akakaa chini kuliko kitanda, ili baba asilazimike kuinua macho. Akamwambia: "Mzee, nasikia ulikuwa karani wa mizani. Nipimie basi. Ngumi ni hakuna maumivu. Vidole vitano ni maumivu ambayo huwezi kuyabeba. Sasa hivi ni vingapi?"

Baba alifungua mkono wote. Kisha polepole akatoa na mkono wa pili kwenye shuka, akaufungua nao.

Miaka ishirini na nane alipima mizigo ya watu, na mwaka na nusu wa ugonjwa hakuna aliyemwomba apime wake. Mimi binti yake sikumwomba.

Muuguzi akaniuliza, "Mwalimu, dawa mara ya mwisho umempa lini?" Nikasema jana saa nne usiku. Na kabla ya hapo? Jana saa nne asubuhi. Akaomba aione chupa. Nikaivua kamba shingoni, nikafungua kabati. Aliinua chupa kwenye mwanga, akaona jinsi ilivyobaki imejaa, akaisoma plasta. Hakunikemea. Alifumba macho kidogo, na nikajua.

Alinieleza akiwa bado kaisimamisha chupa magotini. Dawa hii ikimezwa inamsaidia mtu kwa muda wa saa nne hivi, kisha inakwisha. Ukimpa saa nne asubuhi, kufika saa nane mchana haipo, na wewe unasubiri mpaka usiku. "Unayaacha maumivu yaingie ndani, yakae, yapike, ndiyo unaanza kuyatoa. Yakishakaa hayatoki kwa kijiko kimoja." Akasema Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuandika tangu 1986 kwamba dawa ya maumivu ya saratani itolewe kwa mdomo, kwa saa na kwa ngazi, yaani kupanda kutoka dawa nyepesi kwenda kali, na kwamba katika hayo matatu "kwa saa" ndilo linaloharibiwa majumbani. Haingojwi mgonjwa aombe. Hata akisema leo sijambo, saa ikifika anapewa, kwa kuwa ndiyo sababu hajambo.

Kisha akaing'oa kalenda ya mwaka uliopita ukutani, akaigeuza nyuma, akaandika kwa herufi kubwa: saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni, saa 4 usiku. Mbele ya ile ya mwisho akaandika MARA MBILI, ili mgonjwa na wauguzaji walale mpaka alfajiri. Akaniondolea kijiko, akanipa bomba la sindano lisilo na sindano, akanifanya nivute maji mpaka kwenye mstari wa tano, mara tatu mbele yake. Akamwita mama naye avute. Akamwita mpwa wangu wa miaka kumi na mitano. "Siku mwalimu ana homa, nani atampa babu?" Akaongeza vidonge vya kulainisha choo, akasema vyote viwili vinakwenda pamoja, usitoe kimoja ukaacha kingine.

Hilo la choo nitaliandika wazi, maana watu wazima wanaona aibu na wagonjwa wanateseka kwa aibu zetu. Mofini hufunga choo, karibu kwa kila mtu, na hali hiyo haizoeleki hata siku zikipita. Baba alikuwa hajapata choo siku nane. Sehemu ya kuhangaika kwake, ile niliyodhani ni saratani, ilikuwa hiyo. Tulitumia vidonge, na papai kila asubuhi, na siku ya pili alipata nafuu ambayo sikudhani kidonge kidogo vile kinaweza kuileta.

Siku ile ile tulipoanza kumpa kwa saa, baba alilala. Alilala alasiri, akalala Magharibi, akalala usiku kucha. Shangazi alifika asubuhi akamkuta bado kalala na mdomo wazi, akaangua kilio, "Mmemuua kaka yangu!" Nami nilikuwa nimekwisha kuweka mkono kifuani mwake mara ngapi sijui. Nikampigia muuguzi. Akasema, "Mwite jina." Nikainama nikaita, "Baba." Akaitika, "Labeka, mama," kwa sauti yake ya zamani, kisha akaendelea kulala. Muuguzi akanieleza kwenye simu kwamba mtu ambaye hajalala majuma matatu, maumivu yakishuka, analala. Usingizi wa dawa yenyewe huwa siku mbili tatu, kisha mwili unaizoea na akili inarudi.

Siku ya tatu akaomba chungwa. Ulikuwa mwezi wa sita, 2022, machungwa yameiva, magari ya kwenda Nairobi yanapakia barabarani. Tulimtoa na kitanda chake cha kamba tukakiweka chini ya mti wa kwanza alioupanda, akala vipande viwili, akasema lile la mti wa jirani lina maji zaidi. Vidole viwili, ndivyo alivyonionyesha siku hiyo. Siku iliyofuata kimoja.

Yeye mwenyewe ndiye aliyegundua kwamba dozi ni tano. "Tano kama swala," akasema. Ya kwanza ilikuja baada ya Alfajiri, ya saa nane baada ya Adhuhuri, ya jioni ikikaribia Magharibi, ya usiku baada ya Isha. Iliyobaki peke yake, ya saa nne asubuhi, akaiita ya chai. Tangu hapo sikuhitaji kuangalia kalenda. Alikuwa ananiambia, "Mwanangu, imebaki ya chai," na macho yake yako wazi, anamtambua kila anayeingia.

Alipopata nguvu ya kuzungumza, mama akamwita ustadhi. Walikaa naye, akamsikiliza mama yote hayo ya shahada. Ustadhi akasema dharura huhalalisha lililokatazwa, na kwamba kutibu maumivu si ulevi, kisha akamgeukia baba akamuuliza anasali vipi. Baba akasema sasa nasali kwa macho na kidole, nimelala. Akaulizwa, na mwezi uliopita? Baba akasema, "Mwezi uliopita sikuweza. Nilikuwa nahesabu." Mama alijifunika uso kwa mtandio. Tulikuwa tumemnyima dawa ili awe na akili ya kusali, na kumbe maumivu ndiyo yaliyokuwa yamemchukulia sala zake.

Kuna mwisho wa wiki mmoja ambao siwezi kuumaliza moyoni. Chupa ilikuwa inakwisha Ijumaa. Kaka alikwenda pale dawa inapotolewa akakuta kabati la mofini limefungwa, na mwenye ufunguo amesafiri msibani mpaka Jumatatu. Naelewa kwa nini ile dawa inafungiwa na kuandikwa kwenye daftari kila tone. Nimezika binamu. Lakini ufunguo mmoja, mfuko wa mtu mmoja? Jumamosi jioni baba alikuwa kidole cha tatu, Jumapili alfajiri cha nne, na nikasikia tena kule dirishani: mia mbili arobaini na tisa. Kaka alipanda pikipiki mvua inanyesha mpaka mji mwingine, akarudi saa tano usiku na chupa ndani ya shati.

Tangu azikwe nimekuwa nikisoma. Nimesoma habari za Dk. Anne Merriman, daktari aliyefanya kazi Nairobi Hospice kisha akaenda Kampala 1993 kuanzisha Hospice Africa Uganda, akachanganya unga wa mofini na maji yaliyoandaliwa, rahisi kabisa, watu wakapelekewa majumbani. Mwaka 2004 Uganda ikabadili sheria ili wauguzi na matabibu waliosomea huduma hii waruhusiwe kuandika mofini wenyewe, bila kumngoja daktari ambaye hayupo. Jirani zetu hawa, si Ulaya. Muuguzi wetu wa pikipiki alijua kila kitu kuhusu baba, na bado ilibidi atafute daktari amtilie sahihi.

Nimesoma pia ripoti ya 2017 ya jopo lililoundwa na jarida la Lancet. Katika tani 298.5 za mofini na dawa za jamii yake zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1. Mimi ni mtoto wa karani wa mizani, nikaipima. Tani 0.1 ni kilo mia. Haifiki nusu ya robota.

Haya ni ya serikali na wakubwa, nayo wayafanye: funguo mbili, wauguzi waruhusiwe, unga wa mofini usikatike. Lakini chupa yetu ilivuka vizingiti vyote hivyo. Ilitengenezwa, ikaandikwa, ikapewa, ikasafiri, ikaingia nyumbani mwetu. Ikakwama kwenye hatua sita za mwisho, kati ya kabati na kitanda, kwa sababu aliyeitoa hakutumia dakika tano kumwonyesha anayeipokea. Tunaouguza ni sisi. Binti, mke, mpwa. Usiku saa nane hakuna daktari pale, kuna mimi na taa ya simu. Sikuambiwa kwamba atalala na kuamka. Sikuambiwa habari ya choo, wala kwamba mtu mwenye maumivu ya kweli anayepimiwa vizuri ni nadra kuwa teja. Nilipewa plasta.

Baba alifariki mwezi wa saba. Siku mbili za mwisho hakuweza kumeza, muuguzi akatuonyesha kumdondoshea kidogo kidogo ndani ya shavu, kichwa kimelazwa upande. Pumzi zilikoroma, akatuambia mapema kwamba zitakoroma na kwamba yeye hazimuumizi, kwa hiyo hatukukimbia huku na huko. Usiku wa mwisho, baada ya ile ya saa nne, mama alimsomea Yasini. Kidole chake cha shahada kilinyanyuka juu ya shuka, sote tulikiona. Kufika saa kumi na moja alfajiri alikuwa amekwenda. Dozi ya saa kumi na mbili nilikuwa nimekwisha kuivuta, iko kwenye bomba, juu ya kitambaa, kando ya saa.

Baada ya arobaini nilirudisha chupa hospitali, maana mofini inayobaki hurudishwa. Nilisubiri kwenye benchi. Mbele yangu dirishani kulikuwa na kijana mmoja, kavaa shati la kazi lenye grisi, anamchukulia dawa mama yake. Akapewa chupa ya nusu lita yenye plasta. Mtoa dawa akamwambia, "Fuata hapo palipoandikwa," akaita anayefuata. Kijana akaifunga kwenye mfuko wa rambo, akaelekea mlangoni. Nikainuka nikamfuata mpaka chini ya mwarobaini wa nje, nikamwamkia, nikamwomba samahani, nikamwomba nione plasta yake. Ml 5, kila saa 4.

"Kaka yangu," nikamuuliza, "hapa mama utampa saa ngapi?"

Akaitazama, akanitazama. "Saa nne," akasema.

Tukakaa kwenye mizizi ya ule mwarobaini, nikatoa kalamu.